Tunu Yangu, Tunu Wangu

Kulikuwa na nchi. Si hii yetu. Naomba hilo tulimalize mapema, maana mimi nina familia na napenda kulala kwangu. Nchi yenyewe iko mbali, ukishavuka nchi mbili tatu hivi, na watu wake hawafanani nasi hata kidogo, isipokuwa kwa sura, lugha, chakula na serikali.

Nchi hiyo ilikuwa na Mkuu, na Mkuu alikuwa mtu wa safari. Siku moja alirudi kutoka semina ya ughaibuni akiwa mtu mpya. Huko alifundishwa na bwana mmoja, mwenye kipaza sauti cha kubandika shavuni, kwamba binadamu hashindwi na jambo lolote ila na fikra zake mwenyewe. Mkuu alilia palepale uwanja wa ndege, mbele ya waandishi. Alisema miaka yote hiyo serikali ilikuwa ikiwachimbia wananchi visima na kuwajengea zahanati, kumbe inawadekeza. Kilichowaumiza si kiu wala homa. Ni mtazamo.

Kazi ikaanza. Wizara ya Barabara ilivunjwa wiki hiyohiyo, kwa hoja kwamba wahenga walishasema penye nia pana njia, na serikali makini haiwezi kubishana na wahenga. Ikaundwa Wizara ya Mtazamo na Malengo, ambayo jambo lake la kwanza lilikuwa kununua rangi na kuiandika methali hiyo kwenye kila daraja lililobomoka. Wizara ya Afya haikuguswa. Iliwekwa tu chini ya hiyo mpya, kama idara, na madaktari wake wakapewa kozi fupi ili wawe wahamasishaji.

Lugha nayo ilisafishwa. Neno "tatizo" lilikuwa limeshapigwa marufuku zamani, watu wakazoea kusema "changamoto". Sasa hata changamoto ikaonekana inakatisha tamaa, ikaamriwa kila kitu kiitwe "fursa". Mtaa usio na maji ukawa na fursa ya maji. Shule isiyo na paa ikawa na fursa ya kutazama juu. Neno "wagonjwa" lilifutwa kwenye milango ya hospitali zetu, hospitali zao, samahani, na mahali pake pakaandikwa "Wenye Fursa ya Kupona". Wenye fursa walikuwa wengi, foleni yao ilianzia nje ya geti.

Halafu zikaja tunu. Kila raia aliyeweza kujifunga kamba za viatu alitakiwa kuchagua tunu yake, yaani lile jambo analolithamini kuliko yote duniani, na kuitamka kila asubuhi kwa sauti mbele ya kioo. Asiye na kioo aliruhusiwa kujitazama kwenye beseni la maji. Asiye na maji, tumeshasema, alikuwa na fursa. Maafisa Mtazamo wa Kata walipita mitaani kulipopambazuka wakisikiliza madirishani nani anatamka kwa imani na nani anatamka kwa kuwaogopa.

Sasa tuje kwa Ngwali.

Ngwali alikuwa mshona magodoro ya sufi katika mji mdogo wa nchi hiyo, mtu mpole, nyusi zake zimejaa nyuzi nyeupe za sufi hata siku ya Idi. Mkewe aliitwa Tunu. Huko kwao, kama ilivyo kwa watu wastaarabu, mke wa mtu haitwi jina lake. Akizaa huitwa kwa mwanawe wa kwanza, Mama Fulani, na lile jina la utotoni huachiwa wazazi. Tunu hakujaaliwa mtoto. Majirani walimwita Mke wa Ngwali, wengine Bi Magodoro, na wazazi walipokufa akabaki mtu mmoja tu duniani wa kumwita jina lake. Ngwali alilitumia jina hilo bila kiasi. Akiamka aliliita, akitaka chumvi aliliita, akipotelewa na sindano aliliita, hata kama sindano yenyewe ameishika kwa meno.

Mwaka ule Tunu alianza kuvimba tumbo. Mwanzoni majirani walimpongeza kwa minong'ono, wakisema Mungu hana haraka. Tunu alijua kwamba sivyo, kwa sababu ya maumivu, lakini aliwaacha wampongeze kwa muda. Hakuwahi kupongezwa kwa jambo hilo maishani mwake.

Maumivu yalipomlaza, Ngwali alimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa magodoro. Muuguzi mmoja aliyekuwa bado anagusa watu alimshika tumbo, akamvuta Ngwali pembeni. Alimwambia kuna uvimbe, unapaswa kutolewa upesi, na siku hizi upasuaji hufanyika mji mkuu tu, kwa sababu chumba cha upasuaji cha pale kimegeuzwa Ukumbi wa Kujiona Mshindi. Mkokoteni hautamfikisha. Gari la wagonjwa lipo na ni zima, ila linatumiwa na Afisa Mtazamo wa Kata, kwa hiyo ruhusa ni yake. Akamsihi asichelewe.

Afisa huyo aliitwa Bwana Zabroni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Zamani alikuwa mwalimu wa sarufi, na katika wizara mpya alipata heshima ambayo sarufi haikumpa. Alimkaribisha Ngwali kiti, akafungua kalamu.

"Tunu yako ni ipi, mzee wangu?"

"Ni Tunu," Ngwali alijibu. "Ndiye aliyenileta hapa. Tunu wangu anaumwa."

Zabroni alifumba macho kwa maumivu ya kitaaluma. "Tunu yangu. Ngeli ya I-ZI. Yangu, si wangu. Na tunu haiumwi, mzee. Tunu inayumba."

"Amelala tangu juzi. Hali kitu."

"Imelala," Zabroni alisema kwa upole, akaandika.

Ngwali alimweleza kwamba anayemzungumzia ni mkewe. Zabroni aliweka kalamu chini kwa kuguswa. Alisema katika kata nzima hajapata kuonana na mtu aliyeilinganisha tunu yake na mke, na kwamba sitiari hiyo ni nzuri mno. Ngwali hakujua sitiari ni nini. Alisema tena ni mkewe, na Zabroni akasema naam, ndiyo nguvu ya sitiari, haisemi "kama".

Ikaja zamu ya lengo. Ngwali alisema lengo lake ni apone. Hilo likakataliwa, kwa sababu kwa mujibu wa mwongozo lengo huanza na nafsi ya kwanza na husemwa kana kwamba limeshatimia: Nimepona. Ngwali akasema yeye ni mzima, hajawahi kulazwa. Akaambiwa kukana ndiyo dalili ya kwanza. Mwisho wa mazungumzo aliandikishwa darasa la kuimarisha tunu zinazoyumba, na akaahidiwa kwamba wakihitimu, atakayefanya vizuri kuliko wote ataombewa gari.

Hapo ndipo Ngwali alipokamata neno moja tu, gari. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba gari limepatikana, bado kusoma kidogo.

Darasa lilifanyika katika kile kilichokuwa chumba cha upasuaji, chini ya taa kubwa isiyowaka. Walianza na gurudumu la maisha. Kila mtu alichora duara na kuligawa vipande: kazi, afya, marafiki, utajiri, burudani. Wengine walichora magurudumu yenye vipande vingi kama chungwa. Duara la Ngwali lilikuwa na kipande kimoja, amekijaza chote kwa penseli. Zabroni alimwambia gurudumu la namna hiyo halizunguki. Ngwali akasema halina haja ya kuzunguka, lifike tu mji mkuu.

Zoezi jingine lilikuwa kufumba macho na kujiona baada ya miaka mitano. Wenzake waliona malori, nyumba za ghorofa, mmoja alijiona diwani na akaanza palepale kuongea kidiwani. Ngwali aliona godoro lao la nyumbani, lile pana alilolishona mwenyewe walipooana, na katikati ya godoro kuna bonde moja badala ya mawili. Alilia. Zabroni aliwanyamazisha wengine, akawaonyesha kwa kidole huku akinong'ona kwamba hivyo ndivyo mtu anavyojiona kwa kina.

Jioni ile Tunu alitaka kusimuliwa. Alipenda sana habari za darasa. Alisema ni vichekesho vinavyomsahaulisha tumbo.

"Na mimi uliniona huko, baada ya miaka mitano?"

"Nilikuona."

"Nimenenepa?"

"Umenenepa," Ngwali alisema. "Umeota hadi kidevu cha pili."

Tunu alicheka, akajishika tumbo kwa sababu kucheka kulimuuma, akaendelea kucheka hivyohivyo. Ngwali alitoka nje kwenda kuchambua sufi ambayo ilikuwa imeshachambuliwa.

Siku zikaenda, na usingizi wa Tunu ukawa mzito. Kila kulipopambazuka Ngwali alimwita. Alikuwa haombi chumvi wala haulizi sindano. Alitaka tu kujua kama yupo. Aliita, akasubiri. Aliita tena. Kuna asubuhi alizoita mara nyingi hadi sauti ikakatika, ndipo Tunu aliitika kwa mbali, na Ngwali akakaa chini.

Chini ya dirisha, Afisa Zabroni alikuwa amesimama na machozi machoni. Alikuwa amesikiliza madirisha mengi katika utumishi wake. Watu walitamka Uthubutu huku wakipiga miayo, wakatamka Ubunifu huku wakigombana na mbuzi. Hakuna raia aliyeitamka tunu yake namna hii, kana kwamba akiiacha atakufa. Akaandika ripoti kwa Wizara, ripoti nzuri, bila kosa hata moja la sarufi.

Wizara ilifurahi mno. Ilikuwa ikitafuta mtu wa kuonyeshwa kwenye Sherehe za Tunu za Taifa, ikampata. Waraka ukashuka, umesainiwa na Waziri mwenyewe, na Zabroni akaja kuusoma mlangoni kwa Ngwali: mshona magodoro huyu ameteuliwa kuwa Raia Mwenye Tunu Thabiti, gari la serikali limchukue hadi mji mkuu, naye aje na tunu yake.

Ngwali alimwomba arudie hayo maneno ya mwisho. Zabroni akarudia, aje na tunu yake. Ngwali alimbusu mkono, akakimbia ndani. Siku ile gari lilipofika, king'ora kikilia kwa shangwe, alitoka amembeba Tunu mikononi, amemfunga kanga mbili mpya, uzito wake umekuwa kama wa mto wa sufi.

Zabroni aliuliza huyu ni nani.

"Tunu," Ngwali alisema.

Zabroni alimtazama yule mwanamke, akautazama waraka, akaelewa. Nasema kweli, alielewa. Uso wake ulishuka. Lakini waraka ulisema tunu yake, ngeli ya I-ZI, kitu kinachokaa moyoni na kisichohitaji kiti. Kitanda cha gari kilikuwa kimepangwa spika za sherehe. Mbele kulikuwa na nafasi ya dereva, ya afisa na ya raia mmoja. Kumpakia mtu wa nne ni kuibadili ngeli, na kuibadili ngeli ni kusema kwamba Waziri amekosea. Zabroni aliukunja waraka. Kisha alisema, bila kumtazama mtu usoni, kwamba sherehe ni siku moja tu, na pale jukwaani Ngwali atakuwa hatua chache kutoka kwa Waziri, na Waziri akiambiwa kwa mdomo gari litarudi siku hiyohiyo.

Ngwali alikataa kwenda. Akakaa chini kwenye vumbi, mkewe mapajani. Aliyemwinua ni Tunu mwenyewe.

"Nenda, mwenzangu. Mtu akifika kwa mkubwa hakosi neno."

"Sikuachi."

"Nani kasema unaniacha? Tangulia. Mimi nitakuja na gari."

Jirani yao Bi Kidawa akampokea Tunu, wakamrudisha kitandani. Gari likaondoka na spika.

Mji mkuu ulikuwa umepambwa. Uwanja ulijaa watu walioletwa kutoka kila kata, kila mmoja na fulana yenye tunu yake kifuani. Asubuhi ya sherehe simu ya Zabroni iliita. Alikuwa Bi Kidawa. Zabroni alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo mama, kisha akaenda hadi pale Ngwali alipokuwa akivishwa shada la maua, akakaa naye kwenye benchi.

"Mzee Ngwali," alisema. "Tunu amefariki. Alfajiri hii."

Amefariki. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, aliitumia ngeli ya watu kwa jina hilo. Ngwali aliliona hilo, nadhani, maana alimtazama kwa muda mrefu bila chuki. Hakulia. Aliuliza tu kama Waziri ameshafika, na mbona yeye mwenyewe hajaitwa jukwaani.

Waziri, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Fulgensi Tambalike, alihutubia hadi jua likawa la utosi. Alisema taifa halijengwi kwa matofali bali kwa matofali ya fikra. Alisema nchi jirani zina dawa lakini hazina dira, na yeye binafsi angechagua dira hata akiwa na malaria. Alisema Wizara yake imepata heshima ya kuongoza kata nyingi kuelekea kujiona zimefika. Kila alipotua, spika zile ziliirudisha sauti yake, kwa hiyo hakuna aliyekosa.

Ngwali akapandishwa. Sentensi aliyopewa ilikuwa fupi, alikuwa ameisomea njiani kote: Tunu yangu imenifikisha hapa. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayeshika bilauri ya moto.

"Tunu wangu hakufika," alisema.

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni ushamba. Waziri alicheka zaidi kuliko wote, akamwekea mkono begani, akainama kwenye kipaza sauti kumsaidia. "Haikufika, mzee wetu. Tunu haikufika."

"Mheshimiwa," Ngwali alisema, "alikuwa mtu."

Aliteremka ngazi moja moja, shada bado liko shingoni. Uwanja ulinyamaza, na katika ukimya ule akasimama mama mmoja upande wa jua, fulana yake imeandikwa Neema. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu swali, kwamba Neema wake naye alikuwa mtu. Alikuwa mtoto wa kunyonya, na zahanati ilikuwa imefungwa kwa semina. Nyuma yake akasimama mwanamume mwenye fulana ya Baraka. Akasema Baraka wangu, kaka yangu. Halafu Subira, halafu Tumaini, halafu Amani wawili kutoka kata moja. Wizara ilikuwa ikijivunia muda wote jinsi wananchi walivyozichagua tunu hizo kwa wingi, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini wakizitamka asubuhi hutamka wakilia. Bendi iliamriwa ipige. Ikapiga kwa bidii, na majina yakaendelea kutajwa chini ya matarumbeta.

Serikali ya nchi ile si ya kupuuza wananchi. Siku iliyofuata ilitoa tamko kwamba imebaini upungufu mkubwa wa sarufi miongoni mwa raia, hasa katika kutofautisha vitu na watu, na kwamba itaunda Kurugenzi ya Ngeli kulishughulikia. Bwana Zabroni aliteuliwa mkurugenzi. Nasikia hakuripoti kazini, na nyumba yake ina kufuli.

Ngwali alirudi kwa lori la mkaa, maana gari lilibaki mjini kwa hafla ya kufunga. Alikuta wameshazika, kwao maiti haicheleweshwi. Alikaa msibani mkekani, vumbi la mkaa limemganda juu ya sufi ya nyusini, akamwomba Bi Kidawa amweleze namna ilivyokuwa, asimfiche.

Bi Kidawa alisema Tunu hakuondoka na wasiwasi. Alfajiri alizinduka, akauliza kama mumewe ameshafika kwa mkubwa. Wakamjibu kwamba amefika. Akasema basi nivisheni kabisa zile kanga mpya, gari likija lisinisubiri.

Wakamvisha.